Kabla Hujachukua Fomu ya Udiwani

Tangu baraza la madiwani, nililokuwa mjumbe wake, livunjwe Juni 2025, nyumbani kwangu hapakauki vijana. Wengi ni kina dada wa hapa hapa Arusha wanaotaka kugombea udiwani 2030, na karibu wote huanza na swali moja: fomu inachukuliwa wapi na ni shilingi ngapi? Nawajibu, maana ni haki yao kujua. Lakini fomu huja mwishoni. Naandika haya ili anayetaka njia hii aijue tangu inapoanzia, na ajue itamgharimu nini.

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka, maharage hasa, soko la Kilombero. Sikuwa mwanasiasa. Kilichonitoa sokoni ni korongo linalopita nyuma ya mtaa wetu. Kila masika maji yalishuka kwa kasi, watoto wakashindwa kwenda shule, na wagonjwa wakabebwa mgongoni hadi upande wa pili ambako toyo, pikipiki zetu za abiria, zingeweza kufika. Nilikuwa nasema sana kwenye mikutano ya mtaa, na 2014 wenzangu wakasema basi, ingia kwenye kamati ya mtaa. Nikaingia.

Ukitaka ushauri wangu mmoja tu, ni huu: anzia mtaani. Uchaguzi wa serikali za mitaa hutangulia uchaguzi mkuu kwa mwaka mmoja. Ulifanyika 2014, 2019 na 2024, na unaofuata ni 2029. Mjumbe wa mtaa hana mshahara wala gari, ila anaona serikali inavyofanya kazi kwa chini. Anajua barua ya utambulisho inaandikwaje. Anajua kesi ya mpaka wa kiwanja inasuluhishwa wapi kabla haijafika baraza la ardhi la kata, na kwa nini mtendaji wa mtaa hawezi kuamua jambo ambalo mwenyekiti analipigia kelele. Anawajua pia watu: nani akisema neno mkutano unatulia, nani anadai mchango wake wa ujenzi wa choo cha shule haukuandikwa popote. Wapo waliokuja barazani wakitokea moja kwa moja kwenye biashara kubwa au kazi za ofisini. Walikuwa watu wenye akili nzuri, lakini mwaka wao wa kwanza wote uliishia kujifunza yale ambayo mjumbe wa mtaa anayajua.

Baada ya uchaguzi wa 2015 niliingia baraza la Jiji kwa viti maalum. Sheria inataka wanawake wa viti maalum wasipungue theluthi moja, na viti hivyo hugawanywa kwa vyama kulingana na matokeo ya kila chama. Jina lako hupita kwanza kwenye mchujo wa ndani wa chama, na mchujo huo ni mgumu kuliko watu wanavyodhani. Wajumbe wa mkutano ni watu unaowajua, mmekula pamoja, mmezikana pamoja. Wengine watakuambia wazi kwamba wanahitaji nauli, wengine sabuni, wengine "maji ya kunywa tu". Nilikataa, na nilikataa mbele ya watu, kwa sababu ukimpa mmoja utadaiwa na wote, kisha utadaiwa tena kila baada ya miaka mitano. Wengine waliniita mchoyo. Iliniuma, sitaficha, kwa sababu aliyeanza kuniita hivyo ni mama niliyemfadhili gunia la maharage mwaka aliofiwa. Hapo zamani watu walikuwa wakiiita zawadi ya namna hiyo takrima. Mahakama Kuu iliifuta 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikabana zaidi. TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, nao wapo. Mgombea mwanamke asijidanganye kwamba hawamwangalii.

Diwani wa viti maalum hana kata yake, na kuna wenzake watakaomkumbusha hilo. Nimewahi kukatwa kauli katikati ya kikao: "Mheshimiwa, wewe wapiga kura wako ni akina nani?" Nikajibu kwamba wanawake wa Jiji zima, nikaendelea na hoja. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira ile niliielekeza kwenye kusoma.

Hapa nitakaa kidogo. Siku chache kabla ya kikao, diwani huletewa kabrasha. Ni mzigo wa karatasi: muhtasari wa kikao kilichopita, taarifa za kamati, taarifa ya mapato na matumizi, utekelezaji wa miradi. Wengi huliacha kwenye gari, wakaja kulifungua ukumbini wakati meya ameshafungua kikao na sala zimeshasomwa. Mimi nilikuwa nalisomea dukani, nimekaa juu ya gunia, kalamu nyekundu mkononi, mteja akija naweka kokoto kwenye ukurasa. Jambo la kwanza nililoliona kwa njia hiyo lilikuwa boma la zahanati katika kata moja ya pembeni. Wananchi walijenga kuta kwa nguvu zao, halmashauri ikaahidi kulimalizia. Kwenye taarifa ya robo ya kwanza iliandikwa "utekelezaji unaendelea". Robo ya pili, maneno yale yale. Robo ya tatu, maneno yale yale na kiasi kile kile cha fedha, hata shilingi haikusogea. Sikupiga kelele. Nilisubiri tufike kwenye yatokanayo, pale yanapofuatiliwa mambo ya kikao kilichopita, nikasoma taarifa zote tatu kwa sauti, nikauliza utekelezaji upi unaoendelea. Ukumbi ulinyamaza. Kikao kilichofuata boma lile lilikuwa na mabati.

Kipengele cha yatokanayo hakina waandishi wa habari wala makofi. Watu wako kwenye simu zao. Lakini ndipo ahadi ya mtumishi inapogeuka deni lililoandikwa kwenye muhtasari, na mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza, lazima alitolee majibu kikao kinachofuata. Hoja nzuri isiyoingia kwenye muhtasari imepotea. Kila nilipozungumza nilimwandikia karani wa kikao hoja yangu kwenye karatasi nikampelekea, aiingize kama nilivyoisema. Fanya hivyo.

Pia jifunze kamati. Baraza kamili hukaa kila robo mwaka na ndilo linaloonekana, watu wamevaa majoho, lakini kazi inafanyika kwenye kamati za kudumu: Fedha na Utawala, Mipango Miji na Mazingira, ile ya elimu, afya na uchumi, na nyingine. Jambo likifika baraza kamili bila kupita kwenye kamati, kwa kawaida linarudishwa. Nimeona madiwani wapya wakitoa hotuba nzito barazani juu ya ada ya kizimba sokoni, wakapigiwa meza, na hakuna kilichobadilika kwa kuwa ada hiyo ilishapita kamati ya fedha wiki kadhaa nyuma na wao hawakuhudhuria wala kutuma neno.

2020 niliomba kata. Masharti ya kisheria si mengi: uwe raia, umri usiopungua miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe mkazi wa eneo la halmashauri, na udhaminiwe na chama, kwa maana kwetu hakuna mgombea binafsi. Ukishavuka kura za maoni za ndani ya chama na chama kikakuteua, unachukua fomu ya uteuzi ya Tume ya Uchaguzi kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi katika kata. Dhamana yake ilikuwa shilingi 5,000. Fedha si tatizo hapo. Tatizo ni fomu yenyewe. Unahitaji wadhamini waliojiandikisha katika kata ile ile, tamko mbele ya hakimu, picha, sahihi, mihuri, na yote kabla ya saa kumi jioni ya siku ya uteuzi. Mwaka ule wagombea wengi nchini walienguliwa kwa kasoro za fomu. Nilimwona mama mmoja pale nje ya ofisi ya kata amekaa kwenye ngazi na khanga usoni. Mdhamini wake mmoja alikuwa amejiandikisha kata ya jirani, akiwa amehama miezi michache nyuma. Miaka yote ya kuhangaika ikaishia kwenye mstari mmoja.

Kwa hiyo: nakili za vitambulisho vya mpiga kura vya wadhamini zikusanye mapema, tena uwe na wadhamini wa ziada nje ya idadi inayotakiwa. Jina lako liandike kama lilivyo kwenye daftari la wapiga kura, herufi kwa herufi. Kama unajulikana mtaani kwa jina la mwanao, hilo si jina la fomu. Usirudishe fomu siku ya mwisho mchana. Irudishe asubuhi, msimamizi aipitie mbele yako, na ukae karibu hadi muda wa pingamizi uishe, maana ukiwekewa pingamizi unatakiwa kujibu haraka na kwa maandishi.

Gharama za kampeni nitazisema kwa mafungu, maana kila kata ina bei zake. Mabango ni fungu dogo. Spika na jenereta ya kukodi ni kubwa zaidi. Kubwa kuliko yote ni mawakala: kila kituo cha kupigia kura kinahitaji mtu wako tangu alfajiri hadi fomu ya matokeo isainiwe usiku, na mtu huyo lazima ale, anywe, apate nauli ya kurudi. Kata yenye watu wengi kama zetu ina vituo vingi. Nilitoa akiba yangu ya vikoba, nikauza shehena ya maharage kabla bei haijapanda, na mume wangu akakubali tusimamishe ujenzi wa nyumba kwenye lenta. Nyumba ile ilikaa hivyo muda mrefu. Ukiwa na familia, kaeni mezani muandike kiasi cha juu kabisa ambacho hamtakivuka, na mwenzako ndiye akishike, si wewe. Kampeni zikishapamba moto utaona kila shilingi ina sababu. Na stakabadhi zote weka, kwa sababu sheria inakutaka utoe hesabu.

Nikashinda. Asubuhi ya pili yake, kabla hakujapambazuka vizuri, kulikuwa na watu getini.

Hili la getini halielezwi kwenye semina yoyote. Mmoja ana mtoto amefaulu kidato cha kwanza hana sare. Mwingine amefiwa, anataka turubai na viti. Mwingine amekamatiwa toyo yake. Kuna harusi, kipaimara, harambee ya kanisa, mfuko wa msikiti, mpira wa vijana. Wakati wangu posho ya diwani ilikuwa shilingi 350,000 kwa mwezi, pamoja na posho za vikao. Piga hesabu mwenyewe. Diwani asiye na kipato kingine atakopa, na anayekopa atafika mahali atapokea bahasha. Bahasha zipo. Zinaletwa na watu wa heshima, wakati mwingine ndani ya mfuko wa nyama choma, na maneno ni laini: "Mheshimiwa, ni ya kukushukuru tu, ile ramani ya kiwanja isikwame kamatini." Nilijiwekea utaratibu wa kupokea wageni ofisini kwa mtendaji wa kata, mlango wazi, na daftari la wageni mezani. Nyumbani nikabaki na misiba na magonjwa peke yake. Baadhi walinung'unika, lakini nyumba yangu ilipumua. Na usisahau tamko la mali kwa Sekretarieti ya Maadili kila mwaka kabla ya 31 Desemba. Diwani naye ni kiongozi wa umma kwa sheria ile.

Biashara yangu iliumia. Siku za vikao duka lilikuwa mikononi mwa kijana wa kuajiriwa, na wateja wa jumla wanataka kuzungumza na mwenye mali. Nilipoteza wateja wa Namanga ambao sijawapata tena. Nalisema hili bila kulalamika, ili mtu mwenye biashara ajipange tangu mwanzo: mtafute ndugu unayemwamini, umfundishe mwaka mzima kabla ya uchaguzi.

Turudi kwenye korongo. Watu wa kata yangu walinichagua kwa ajili ya barabara na kivuko, nami nilijua jambo ambalo wengi wao hawakulijua: tangu 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, si idara ya ujenzi ya halmashauri. Diwani hana greda. Hana moramu. Maji nayo yako kwa mamlaka ya maji, umeme kwa TANESCO. Wagombea wenzangu waliahidi lami majukwaani. Mimi niliahidi kwamba kivuko cha korongo kitaingia kwenye mpango wa kata mwaka wa kwanza na nitaleta majibu ya maandishi kila robo. Haikupigiwa vigelegele, lakini ndiyo ahadi niliyoweza kuitimiza.

Ilikwenda hivi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti yake inaanza kupikwa Novemba na Desemba. Mtaa ukikaa Machi kuomba kivuko, umeshachelewa mwaka mzima. Tukaitisha mikutano ya mitaa yote Oktoba, muhtasari ukasainiwa na kuambatishwa orodha ya mahudhurio. Ukaja kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata (KMK), ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu. Hapo kila mwenyekiti wa mtaa anataka lake, na ulikuwa ugomvi wa kweli kati ya kivuko, matundu ya vyoo vya shule na taa za barabarani. Sikutumia kiti changu kuwanyamazisha. Tulikwenda wote kwa miguu hadi korongoni baada ya mvua. Mwenyekiti wa mtaa wa juu, aliyekuwa akipinga kuliko wote, alivua viatu, akavuka, maji yakamfika magotini, na upande wa pili akakutana na mama mjamzito anasubiri maji yapungue. Aliporudi alisema vyoo visubiri.

Hata hivyo mwaka wa kwanza kivuko hakikupata fedha. Wa pili kikapangiwa, fedha hazikutoka. Nilisoma barua zote mbili za majibu mbele ya mkutano wa mtaa, nikabandika nakala kwenye ubao wa ofisi. Aprili 2024 basi la shule lilisombwa na maji kwenye korongo kata ya Muriet na watoto wakafa. Sitaki kulitumia jambo lile kwa hoja yangu, wazazi wale ni majirani zetu. Ila niliposimama barazani baada ya hapo nilikuwa na mihtasari ya miaka yote mkononi, na hakuna aliyeweza kusema kwamba korongo la kwetu halijawahi kuletwa. Tukapata kalavati mbili kubwa na ukuta wa mawe. Moja ilikamilika nikiwa bado diwani.

Jambo jingine lililoniumiza ni mikopo ya asilimia 10, ile ya mapato ya ndani inayogawanywa asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Haina riba, na tangu 2018 imo kwenye sheria. Nilikuwa nimesaidia vikundi kadhaa vya kina mama kuandika katiba, kufungua akaunti, kusajiliwa. 2023 serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima kupanga utaratibu upya, ikarejeshwa 2024. Katikati hapo baadhi ya kina mama waliamini mimi ndiye nimekula fedha zao. Binti yangu aliambiwa hivyo dukani. Alikuja nyumbani akaniuliza kama ni kweli, na swali lile lilinilaza macho. Siku iliyofuata niliomba tangazo la serikali kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, nikalisoma kila nilipoalikwa, kwenye vikoba, kanisani baada ya ibada, sokoni. Jambo la fedha likisimama, litangaze siku hiyo hiyo kabla watu hawajajijibu wenyewe.

2025 niliomba tena na kura za maoni hazikutosha. Nililia, kisha nikaenda kumpongeza aliyenishinda, nikamkabidhi mafaili: mihtasari ya KMK, barua za TARURA, orodha ya vikundi vilivyokopa na vilivyorejesha, na mchoro wa kalavati ya pili. Tulizunguka naye kata nzima siku mbili tukitazama mipaka ya maeneo ya wazi, kwa sababu hayo ndiyo yanayovamiwa diwani akibadilika.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa, huna haja ya kusubiri 2030. Oktoba ijayo mtaa wako utaulizwa vipaumbele vya bajeti ijayo. Nenda ofisi ya mtendaji wa kata siku ya kazi, uombe kuona mpango wa kata wa mwaka huu wa fedha na taarifa ya mapato na matumizi. Ni haki ya mwananchi kuviona, na vinatakiwa kubandikwa ubaoni. Soma miradi ya mtaa wako, nenda ukaitazame mmoja mmoja, kisha kwenye mkutano wa mtaa uliza ule ambao haujaanza, na uhakikishe swali lako limeandikwa.